Mashamba hewa kwenye ramani: kubofya au kuandika komandi?

Kuna ubishi hauishi kwa watu wa GIS, yaani wanaochora na kuchambua ramani kwa kompyuta. Mmoja anakwambia kazi zote anamaliza kwa maus ndani ya programu za ramani kama QGIS au ArcGIS, mwingine anakwambia fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike komandi ya GDAL (zana za kusoma na kubadilisha mafaili ya ramani), na huyu wa pili mara nyingi anaonekana anajishaua tu, eti anapenda kujitesa. Mi naona ndo hajaeleweka.

Chukua rasta ya matumizi ya ardhi, yaani ramani ya vijiraba (pikseli) vyenye namba, kila kimoja mita 30 kwa 30 kama za setilaiti ya Landsat, 1 ni msitu, 2 ni shamba, 3 ni maji. Unataka kuihamishia projeksheni nyingine, yaani namna nyingine ya kulaza dunia kwenye ramani bapa, ikae sawa na vekta zako (pointi, mistari na mipaka), basi programu inachora gridi mpya na kila pikseli mpya inabidi ipewe thamani kutoka kwa zile za zamani. Ukichagua njia ya jirani wa karibu, inabeba namba ya pikseli iliyo karibu zaidi ilivyo. Ukichagua njia ya bilinia inapiga wastani wa pikseli za jirani, na wastani wa 1 na 3 ni ngapi? 2! Yaani msitu unapogusana na ziwa, pale katikati panaota shamba. Halina jembe halina mbegu, shamba hewa kabisa. Na kwa vile faili ni la namba kamili, desimali zinakadiriwa kimyakimya hadi namba kamili ya karibu, huoni hata 1.7 ya kukushtua. Pikseli moja ni mita za mraba 900, zikiota 100 tu ukingoni hizo ni hekta 9 za kilimo ambacho hakuna aliyelima, na zinaingia kwenye jedwali, jedwali linaingia kwenye ripoti, mtu anasimama mbele ya watu anasema kilimo kinasogelea ziwa.

Nishawahi kuotesha mashamba ya hivyo mwenyewe. Nilibofya, dirisha likafungwa, miezi baadaye naulizwa hekta zimetoka wapi nikabaki kukodoa macho. Ningeandika gdalwarp, komandi ya GDAL ya kubadilisha projeksheni, pale pangekuwa na -r bilinear imekaa wazi, yeyote angesoma mstari mmoja akajua nilipoharibu. Tena usipoandika chochote yenyewe inatumia jirani wa karibu.

Sasa wa maus nao wana haki yao, na si ndogo. Macho ni macho. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, au pointi zako zikaangukia digrii 0,0 kule Ghuba ya Guinea, ukiwa na ramani mbele unaliona papo hapo, wakati terminali itakuhesabia hadi 100 iseme done kana kwamba mambo yote shwari. Kurekebisha mipaka ya poligoni, ndo kabisa, nani atakaa aandike koordineti kwa mkono? Halafu QGIS inatunza historia ya ulichofanya, ArcGIS pia.

Kinachochekesha, chini ya boneti kwa sehemu kubwa ni mashine ileile. GDAL aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998 ndo inayosoma mafaili ndani ya QGIS, na ArcGIS nayo inaitumia kusoma baadhi ya mafaili ya rasta, kwa hiyo hoja ya nani ana nguvu zaidi haina mashiko. Hata zile zana za rasta za QGIS zinakuonyesha komandi nzima chini ya dirisha kabla hujabofya, ila wangapi tunaisoma? Historia ipo kwenye kompyuta yako, lakini faili ukimtumia mwenzako yeye anapata picha tu, namna ilivyopikwa haipati.

Siku hizi naanzia QGIS, naangalia kwa macho, nikiridhika nakopi ile komandi naibandika kwenye faili la maandishi linalokaa folda moja na rasta. Na mtu akiniletea ramani yenye hekta nyingi bila huo mstari, kitu cha kwanza nazumu kingo za maziwa.