Lumbesa Imehamia Benchini

Wiki tatu zilizopita nilimnasua chalii mmoja chini ya chuma, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo lazima niitoe hapa.

Dogo ana miaka ishirini na mbili. Tunapiga tizi pamoja kwenye jimu ya uani kule Ngarenaro, hapa Arusha, bati juu, udongo chini, benchi mbili za kuchomelewa. Kwetu anajulikana kwa namba moja: mia na ishirini, yaani kilo anazosukuma kutoka kifuani akiwa amelala benchini. Ukimuulizia hutatajiwa jina, utaambiwa "yule wa mia na ishirini". Siku hiyo rafiki yake alimwalika kwenye jimu ya kisasa upande wa Njiro, yenye vioo na feni, nami nikafuatana nao. Akapanga mia na kumi, akasema ni ya kupasha tu, akakataa mtu asimame upande wa kichwa chake kumpokea. Chuma kikashuka, kikatua kifuani, kikabaki hapo. Alijaribu kukiinamisha upande mmoja akashindwa. Mishipa ya shingo ilimsimama na sauti haikutoka. Tulikimbia wawili kumtoa.

Alipokaa na kupumua, alinigeukia akasema: "Kaka, vyuma vya huku ni vizito."

Vyuma vya huku ni vizito! Yaani kilo 110 za Njiro zimezidi kilo 120 za Ngarenaro. Hakuwa anatafuta kisingizio, alikuwa anaamini kabisa. Kwa miaka miwili tumemwambia ana nguvu ya mia na ishirini, na angeweza kufa kwa kutuamini.

Jumamosi iliyofuata nikambembeleza mwenye jimu yetu, tukapakia vyuma kwenye bajaji mpaka soko la Kilombero, kwa mama mmoja muuza viazi mwenye mizani ya magunia. "Wanangu, hivi ndiyo viazi vya wapi?" akauliza. Nikamweleza. Akatuachia mizani, sharti tuifute kutu tukimaliza.

Tukaanza na bomba, lile la kuchomeka pleti, yaani sahani za uzito, kila upande. Wote tunalihesabu kilo 20, kwa sababu chuma kirefu cha mashindano kina kilo 20. Letu lilisoma 11 na nusu. Pleti nne zilizoandikwa "20" zikaja 17, 16, 18 na nusu, na 19. Zile mbili za "10", moja 8, nyingine 9 na nusu. Jumlisha mwenyewe: mia na ishirini ya dogo ni kilo 99 na nusu.

Kilichoniuma zaidi ni nilipozipanga kwa mkao wake wa kila siku, maana kila pleti ina upande wake pale jimu, mazoea tu. Kushoto zilikuwa kilo 41, kulia 47. Kilo sita za tofauti, miaka miwili! Bega lake la kulia linalia kila Jumatatu na sisi tulikuwa tunamwambia apake dawa ya kuchua.

Watu wa mji huu tunajua lumbesa ni nini. Tunajua gunia linavyoshonewa kilemba juu, mkulima wa Ngarenanyuki analipwa gunia moja wakati katoa moja na nusu, na tunakasirika. Tunataka Wakala wa Vipimo wafike sokoni kila siku. Muuza nyama akituwekea kidole kwenye mizani tunapiga kelele hadi buchani pasitoshe. Halafu watu walewale tunaingia jimu jioni, tunasoma namba iliyopakwa rangi na fundi ambaye hajawahi kuiweka pleti hiyo kwenye mizani, na tunaitangaza kama kiapo. Kilo ni kilo. Haiwi kilo ya viazi na kilo ya kifua. Kama 20 yako ni 16, hujasukuma 20, na wala hujui umesukuma nini, kwa sababu jirani yako 20 yake ni 19. Mkibishana nani ana nguvu mnabishana juu ya rangi.

Na ubaya wa lumbesa ya benchini ni kwamba anayeibiwa na anayeiba ni mtu mmoja. Kijana anaongeza "kilo tano" kumbe kaongeza mbili na nusu, anajiona amepiga hatua. Mwezi ujao anachukua pleti nyingine yenye maandishi yaleyale, inamgomea, anadhani amedhoofika. Anaacha. Nimewaona wangapi wameacha kwa njia hiyo, vijana wazuri, wakarudi vijiweni.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mafundi wetu wa kuchomelea hawana kosa kubwa. Pleti za nje bei yake si ya jimu ya shilingi elfu moja kwa siku. Bila vyuma vya mafundi nusu ya wanaume wa Unga Limited wasingejua benchi. Tena misuli haisomi maandishi: ukisukuma chuma chochote hadi karibu uchoke kabisa, kifua kitakua. Sawa. Lakini basi useme unakuza kifua, usiniambie unapiga mia na ishirini.

Mizani peke yake haitoshi. Kuna mikono. Yule anayesimama kichwani anaingiza vidole viwili chini ya chuma huku anapiga kelele "yote yako, yote yako!" Si yote yake. Ukigusa umesaidia, na hakuna anayeweza kusema umesaidia kilo mbili au kumi na tano. Nimeshawahi kufanya hivyo kwa huyuhuyu dogo, mara nyingi, nikidhani ninamtia moyo. Najilaumu kwa hilo.

Na kuna kudundisha. Shirikisho la kimataifa la pawalifti, mchezo wa kushindana kunyanyua uzito, IPF, lina utaratibu unaoeleweka na mtoto: makalio, mabega na kichwa vikae benchini, nyayo chini, vidole vya shahada visiachane zaidi ya sentimita 81. Chuma kishuke kifuani, kitulie kabisa, mwamuzi aseme sukuma ndipo usukume, nyoosha viwiko, subiri ruhusa ya kurudisha. Waamuzi watatu, wawili wakikataa hakuna kitu. Tangu 2023 wameongeza kwamba viwiko navyo vishuke angalau usawa wa juu wa bega, maana kuna watu walikuwa wanapinda mgongo hadi chuma kinasafiri umbali wa kiganja. Kwetu chuma kinaangushwa kifuani kama mpira wa kikapu, mbavu zinafanya kazi ya springi. Jaribu kukituliza sekunde moja tu uone namba yako inakwenda wapi.

Ndiyo maana namba isiyo na masharti yake hainiambii chochote. Mwaka 2021 Mmarekani Julius Maddox alisukuma kilo 355 kwa mikono yake na kifua chake. Mwenzake Jimmy Kolb, 2023, alivuka kilo 600. Kolb si mtu wa nguvu karibu mara mbili, alivaa shati maalumu gumu linalorudisha mikono juu. Hakudanganya, shati limo kwenye kanuni za mashindano aliyoingia, na kila anayetaja rekodi yake anataja na shati. Hiyo tu ndiyo ninayoidai.

Ninayemkumbuka mimi lakini ni Siamand Rahman wa Iran, bingwa wa Paralimpiki, ambako pawalifti ni benchi peke yake. Rio 2016 alisukuma kilo 310. Miguu yake haikuwa na kazi ya kumsaidia, hakuweza kujikita sakafuni kama tunavyojikita sisi. Chuma kilitulia kifuani, kikapanda, waamuzi wakaona. Alifariki 2020 akiwa kijana bado. Kila nikiona baunsa mwenye miguu mizima ananyanyua makalio nusu meta hewani ili amalizie, namfikiria mtu yule.

Halafu wale wa kikokotoo cha simu, kinachokadiria uzito wa juu unaoweza kuusukuma mara moja kutokana na uzito mdogo uliousukuma mara nyingi. Kanuni ya Epley inachukua uzito, unajumlishia sehemu moja ya thelathini yake kwa kila mara uliyosukuma. Ya Brzycki inazidisha uzito kwa 36, kisha unagawa kwa kinachobaki ukitoa idadi ya mara kwenye 37. Kilo 80 mara nane: moja inakupa 101, nyingine 99. Mara kumi zinakutana palepale. Sawa, nazikubali hapo, na kwa mtu anayefanya mazoezi peke yake ni salama kuliko kujaribu uzito wa mwisho bila msaidizi. Ila kuna jamaa kasukuma 60 mara ishirini akaniletea simu kwamba ana 127. Epley angempa 100. Kilo 27 zimezaliwa ndani ya simu, na yeye kachukua ile inayompendeza.

Na tuache kuuliza namba bila kuuliza uzito wa mwili. Dada mwenye kilo 58 akisukuma 60 kwa haki, kwangu amempita baunsa wa kilo 105 mwenye mia yake. Hakuna anayemuuliza, kwa sababu swali "unapiga ngapi" tumelifanya la wanaume.

Jumatatu tulirudi uani. Pale sokoni nilikuwa nimeandika uzito wa kweli kwa chaki, tukapanga upya pande mbili hadi tofauti ikabaki kilo moja. Dogo alilala benchini. Nilisimama kichwani mikono ikiwa mbali, nikamwambia asisukume mpaka niseme. Themanini na mbili ikapanda. Tisini ikapanda, polepole, bega la kulia na la kushoto pamoja. Ile 99 na nusu ikagoma katikati, tukaipokea. Hakusema kitu. Alikaa muda mrefu anaangalia pleti, kisha akaniuliza kama tisini ile nimeiona ikitulia. Nikamwambia nimeiona.

Mwenye jimu amekataa nisipake namba mpya. Anasema wateja wataona vyuma vyake vimepungua, watahamia kwa jirani. Nimemwambia rangi nitanunua mimi na jirani nitamfuata nikapime na vyake. Bado tunabishana, na chaki imeshaanza kufutika.