Nimelipia Bima ya Kuanguka

Kwetu Kibosho likizo haikupangwa, ilifika tu. Desemba ikigonga, Mchaga yeyote aliye Dar anajua kinachofuata: unakata tiketi kabla nauli haijapaa, unamnunulia mama blanketi, mnapanda basi alfajiri, mnachimba dawa njiani, mnakula chipsi za bei ya kitalii Korogwe, na jioni mko Moshi mnagombania gari la kupanda mlimani. Vivutio ni bibi, mtori na mbuzi. Bima ya safari ni sala aliyoanza mama tangu saa kumi na moja alfajiri. Nimesafiri hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama goti langu lina historia.

Sasa nipo Munich, Ujerumani. Huku likizo ni kazi ya pili, tena isiyo na mshahara. Kazini kwetu kuna kalenda ukutani, na ikifika Oktoba kila mtu anatakiwa aandike siku zake za mapumziko za mwaka mzima ujao. Mwaka mzima! Mimi Jumamosi hii sijui nitakula nini, halafu nijue Agosti nitakuwa nimechoka kiasi gani? Na mtu akikuuliza unakwenda wapi, usije ukamjibu "nakaa nyumbani nalala." Atakuangalia kama umemwambia umefiwa.

Balaa lenyewe lilianzia kwa binti yangu. Karudi shuleni siku moja, katupa begi, kasema, "Baba, darasani wote wanajua kuskii, kuteleza na vibao kwenye theluji, isipokuwa mimi na mtoto mmoja aliyevunjika mguu." Akatafuna mkate kidogo. "Na yeye aliuvunja akiskii."

Nilidhani hiyo habari ya mguu ingetosha kufunga mjadala. Kumbe mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

Mke wangu ni wa Tanga, na ameolewa na Mchaga kwa makusudi ya kumrekebisha. Kwake kila senti ninayoibana ni tusi kwa ukoo wake. Usiku huohuo akatoa daftari, akachora mistari, akaandika juu kabisa: LIKIZO YA FEBRUARI. Maana hapa Bavaria shule hufungwa wiki moja wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresma, na wiki hiyo kila mwenye mtoto na jozi ya skii anaelekea milimani. Wenye hoteli nao wana kalenda, hawajalala.

Wazo lake la kwanza lilikuwa Vienna, Austria. "Tuone mji wa maana," akasema. Akanisomea: kuna jumba la wafalme linaitwa Schönbrunn, lina vyumba 1,441. Mke wangu, mimi nyumba ya vyumba viwili nikiipiga deki Jumamosi mgongo unagoma hadi Jumatano, leo nipande treni kwa muda wa saa nne nikalipie kuangalia vyumba 1,441 ambavyo sina hata ruhusa ya kukaa kwenye kiti? Akafungua ukurasa mwingine. Kuna bembea kubwa ya kuzunguka, ipo tangu 1897. Nikamwambia kitu cha kunizungusha hewani kikiwa na umri huo, kwanza kinistahi na mimi nikistahi. Akanigeukia na silaha ya mwisho: humohumo kwenye bustani za jumba kuna zoo ya tangu 1752, kongwe kuliko zote duniani zinazofanya kazi hadi leo. "Watoto wataona twiga."

Hapo nilisimama. Nitoke Tanzania, nije Ulaya, nivae makoti matatu, nilipe kwa euro, nimwone twiga. Tena twiga mwenyewe Februari kafungiwa ndani na hita, anakula majani ya kupimiwa, ananitazama kama kusema, "Na wewe ndugu yangu ulikuja huku kufanya nini?" Hapana. Vienna ikapigwa mstari.

Basi akahamia Innsbruck, Austria hiyohiyo. Si mbali na Munich, treni haichukui hata saa mbili, na sifa yake ni kwamba mji na milima vimebanana: unakunywa kahawa mtaani huku jabali lenye theluji linakuchungulia kikombeni. Nikajaribu upinzani wa kiungwana. Nikasema sisi watu wa Kilimanjaro theluji tunaiheshimu. Tunaiona asubuhi mawingu yakifunguka, kwa mbali, bure, tukiwa na kandambili. Mlima haukanyagwi kwa mchezo.

Kosa kubwa. Akaingia mtandaoni, na baada ya dakika kumi akarudi anatabasamu, tabasamu lile ambalo mwanaume mwenye akili akiliona anatafuta viatu. "Mangi," akaniambia (akiniita Mangi ujue nimekwisha), "mtu wa kwanza wa Ulaya kufika kilele cha Kibo alikuwa Hans Meyer, sivyo?" Nikasema ndiyo, 1889, shuleni tulikariri. "Alikuwa na nani?" Nikanyamaza. "Alikuwa na Ludwig Purtscheller. Kazaliwa wapi? Innsbruck. Na mwaka 1912 Wajerumani wengine wawili wakabeba na skii zao kabisa wakaenda kuteleza hukohuko kwenu. Kwa hiyo wenzio wametoka hapa, wakaenda kwenu kwa meli na kwa miguu, kupanda. Wewe unashindwa kwenda kwao kwa treni, kuteremka?"

Nikatoa kadi ya benki.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kadi ya mji. Innsbruck, kama miji mingi ya huku, inakuuzia kadi ya saa 24, 48 au 72. Ukiwa nayo unaingia makumbusho, unapanda gari la kamba, na basi la mjini humo humo. Inasikika kama neema. Ila ukiigusisha tu mlango wa kwanza, saa inaanza kuhesabu, na ndani ya kila Mchaga kuna kikokotoo kinachoamka. Tulinunua ya saa 48. Likizo ikageuka mashindano ya kurudisha hela. "Hapa tumeshakula nauli ya basi! Hapa tumebakiza makumbusho mawili tuwe sawasawa! Usisome maandishi yote, mwanangu, angalia picha twende!" Kuna kengele za kanisa nilizozikimbia siku ile sijui hata zilikuwa za kanisa gani.

Kivutio kikuu cha mji ni bati. Nisiwadanganye, ni roshani ndogo yenye paa, wanaiita Paa la Dhahabu, ilijengwa mnamo 1500 kwa ajili ya Kaizari Maximilian wa Kwanza, apate mahali pa kukaa akitazama sherehe barabarani. Ina vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Watu wamejaa chini, shingo zimekunjwa, simu juu. Mjomba wangu Kibosho aliezeka bati la msauzi jekundu mwaka 2014, linamulika hadi bondeni, na hajapata mgeni hata mmoja wa kulipiga picha.

Kilichonitisha ni mnara wa Bergisel, wa kurukia skii, ule uliosanifiwa na Zaha Hadid. Mji huu umeandaa Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, 1964 na 1976, kwa hiyo kuruka ni mambo yao. Tukapanda juu. Mrukaji anakaa pale, skii zimening'inia, na akitazama mbele, chini kabisa, mahali ambapo macho lazima yatue, ni makaburi. Si mfano wa kutisha, ni makaburi kweli, ya Wilten, yana misalaba na maua. Nikashika fensi. Nikamwuliza mke wangu kwa sauti ndogo, "Bima ililipwa?"

Ah, bima! Nimeruka, turudi nyuma kidogo, jikoni Munich, mwezi Januari.

Mimi nilidhani tuna bima. Nyuma ya kadi yangu ya matibabu kuna ile kadi ya Ulaya yenye duara la nyota; ukiugua Austria unatibiwa hospitali ya umma kama mwenyeji. Nikaipunga hewani kwa fahari. Mke wangu akasema, "Soma." Kumbe kadi ile inakupokea ukishafika hospitalini. Kutoka mlimani hadi hospitalini ni shauri lako na Mungu wako. Ukivunjika juu kule, inakuja helikopta, na helikopta hiyo kwa ajali ya starehe hailipwi na hiyo kadi. Bili inakuja nyumbani kwako, ni euro elfu kadhaa. Kwa hela hiyo Kibosho nabebwa kwenye machela na kijiji kizima, na ng'ombe wa kuwachinjia anabaki na ndama.

Basi tukampigia mtu wa bima. Kijana mpole, sauti kama ya mtangazaji wa taarifa za msiba. Akaanza kunipangia maafa yangu. Kuna bima ya kuahirisha safari. Kuna ya kukatiza safari uliyoianza. Kuna ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani. ("Nyumbani Munich au nyumbani Moshi?" nikauliza. Akasema Munich. Nikasikitika, kwa dakika moja nilikuwa naona Krismasi ya bure.) Kuna ya mizigo, kuna ya skii zikivunjika au zikiibwa, na kuna ya kumlipa mwenzio ukimgonga. Hiyo nikaielewa haraka: ni bima ndogo, kama ya bajaji. Sikujua tu kwamba safari hii bajaji ni mimi.

Kisha maswali. Je, unateleza nje ya njia zilizowekwa alama? Ndugu, sijui hata ndani ya njia kunatelezwaje. Je, unafahamu kwamba ukikutwa umelewa unaweza kukosa fidia? Je, una maradhi au jeraha la zamani? Hapo nikasita. Goti la kushoto, nililiumiza kidato cha pili uwanja wa shule, tukicheza na wa kidato cha nne, mpira ukiwa umebaki mbali kabisa na tukio. Mke wangu akanifinya chini ya meza nisiseme. Nikasema. Akanyamaza kule kwenye simu, nikasikia anaandika. Aliandika muda mrefu. Mpaka leo sijui alilielezaje goti langu, ila nadhani lina faili nene kuliko la ardhi ya ukoo.

Mwishoni akaniambia bei ya safari moja. Kabla sijaguna, akaongeza kwamba ya mwaka mzima, familia yote, safari zote, inazidi kwa euro chache tu. Wajameni. Msimwambie Mchaga maneno "inazidi kwa chache tu." Nilisaini kabla hajamaliza sentensi.

Kuskii kwenyewe nitapita haraka, kama nilivyopita mwenyewe. Viatu vya kukodi ni ndoo mbili za zege zenye vifungo. Kutoka dukani hadi theluji ni hatua hamsini, nilipumzika mara tatu. Kuna kanuni 10 za mwenendo zilizowekwa na FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na ya tatu inasema anayetoka nyuma ndiye achague njia isiyomhatarisha aliye mbele. Nzuri sana, ibandikwe kwenye kila daladala. Mimi haikunihusu, sikuwahi kuwa nyuma ya mtu yeyote anayesogea. Mara ya kwanza nilianguka nikiwa nimesimama. Mara ya pili nilianguka juu ya zulia linalotembea la kupandisha watoto, nikasababisha foleni ya watoto wa miaka minne wenye kofia ngumu, wote wananiangalia kwa subira ya wazee wa baraza. Binti yangu siku ya pili alikuwa anakata kona. Mke wangu wa Tanga, mtoto wa pwani, mtu aliyelelewa na madafu, siku ya tatu alinipita akipiga kelele, "Mangi, mlima wenu huu!"

Jioni mama akapiga simu. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, akauliza, "Kwa hiyo mmelipa hela mkakae kwenye theluji?" Ndiyo, mama. "Na mkalipa nyingine kwa ajili ya kuanguka?" Ndiyo. "Umeanguka?" Sana. "Wamekupa ngapi?" Nikamwambia hawatoi chochote, maana sijavunjika. Kimya kidogo. Nikasikia anamgeukia mtu pembeni, anasema kwa Kichaga kitu ambacho hapa sitakitafsiri.

Tulirudi wazima wote wanne. Goti halikusema neno. Zile siku nyingine za likizo nilishaziandika kwenye kalenda ya kazini, Desemba, Moshi, basi, mtori, mbuzi. Nikatulia.

Wiki iliyopita imekuja barua. Kumbe mkataba ule wa mwaka mzima ulitakiwa kufutwa mwezi mmoja kabla haujaisha, kwa maandishi. Usipofuta, unajirefusha wenyewe. Umejirefusha. Hela imeshakatwa.

Niliificha barua chini ya kikapu cha vitunguu. Jana usiku nimeingia jikoni kunywa maji, nikamkuta mke wangu ameketi, barua iko mezani imenyooshwa, daftari liko wazi, mistari imeshachorwa.

"Mume wangu," akasema kwa upole sana, "wewe ni mtu wa kuacha bima iliyolipiwa ipotee bure?"