Deni la korosho na roho ya mtu

Fungua daftari la madeni la duka la kijijini huko Tandahimba, kusini mwa Tanzania, mwezi wa Julai, pale penye tarehe ya kulipa pameandikwa "korosho" tu. Unga kilo tano, korosho. Sabuni, korosho. Kijiji kizima kinadaiana kwa mnada ambao bado haujafanyika.

Sasa bei ianguke, au malipo yachelewe kama msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wengi wakasubiri miezi. Aliyekwisha kuuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno, hana hata cha kusubiri. Mwingine anakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, na wakopeshaji hao wakija kudai hawanong'oni: wanasimama uani, wanataja jina, wanabeba pikipiki majirani wakitazama. Jioni hiyo baba mwenye nyumba haendi kijiweni. Wala kesho yake.

Ndiyo maana nakereka tukikaa msibani na kusema marehemu aliyejiua "alikosa imani" au kalogwa. Kujiua hakuletwi na jambo moja; sonona, ulevi, ugomvi wa nyumbani, vyote vimo. Lakini na mfuko mtupu umo. Mdororo wa 2008 ulipopiga, watafiti walikadiria vifo vya ziada vya kujiua zaidi ya 10,000 Ulaya na Amerika Kaskazini hadi 2010. Indonesia, ambako wapo wakulima wa mvua kama sisi, utafiti ulikuta kaya maskini zilipopewa ruzuku ya fedha, kujiua kulipungua kwa asilimia 18 hivi. Kwa hiyo chama cha msingi, ushirika unaotuuzia korosho, kikilipa kwa wakati, mimi nakihesabu kuwa kinafanya kazi ya afya, hata kama makarani wake hawajui.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Ndugu wanamkimbiza hospitali huku wakitunga hadithi njiani. Daktari anatibu alichoambiwa, mgonjwa anarudishwa kwenye deni lilelile. Hicho kifutwe.

Na kwenye mkutano wa chama, tukimaliza kulalamikia makato (hatumalizi), tukubaliane aliyekwama apangiwe upya deni mbele ya wazee, si uani kwake. Ukimsikia mjomba anasema "bora nisiwepo", usimwambie ajikaze. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya, na mkifika semeni ukweli wa kilichowaleta.