Mtu mzima aliyezaliwa njiti: historia yake imfuate hadi lini?

Mtoto anayezaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37 huitwa njiti, na hapa Uganda habari zake kwa kawaida huishia siku anaporuhusiwa kutoka hospitalini, akiwa ameongezeka uzito na ananyonya vizuri. Watafiti kadhaa, akiwamo Casey Crump wa Marekani, wanasisitiza kwamba daktari wa watu wazima naye amuulize mgonjwa alizaliwa mimba ikiwa na umri gani. Wanaopinga wanahofu kwamba swali hilo litamgeuza mtu mwenye afya kuwa mgonjwa. Hofu yao ina msingi, ila inajibu jambo ambalo halijasemwa.

Msingi wenyewe ni huu. Panapokuwa na posa, au kijana anapotafuta kazi, udhaifu wowote unaojulikana huwa neno midomoni mwa watu. Tena Saroj Saigal na wenzake, waliowafuatilia huko Ontario, Kanada, watu waliozaliwa kati ya 1977 na 1982 wakiwa na uzito wa chini ya kilo moja, waliwakuta katika miaka yao ya ishirini wengi wamemaliza sekondari, nao wakiyapima maisha yao wenyewe kuwa mazuri karibu sawa na wenzao. Kuwatia hofu watu kama hao ni kuwaonea.

Hata hivyo, kuna takwimu moja inayotajwa na pande zote mbili, na inafaa kuichunguza polepole. Mwaka 2019 Crump na wenzake walichapisha matokeo ya watu zaidi ya milioni 2.5 waliozaliwa Uswidi kati ya 1973 na 1997. Miongoni mwa waliozaliwa njiti, asilimia 54.6 walikuwa hai na hawana ugonjwa wowote mkubwa. Miongoni mwa waliotimiza miezi, asilimia 63. Msomaji wa haraka huona tofauti ya asilimia nane hivi na kusema hakuna kitu hapo. Lakini njiti wengi huzaliwa wiki chache tu kabla ya wakati, na hao ndio wanaoivuta hesabu juu. Kati ya waliozaliwa kabla ya wiki 28, waliokuwa hai bila ugonjwa mkubwa ni asilimia 22.3 tu. Isitoshe, mkubwa kuliko wote katika utafiti huo alikuwa na miaka 43, na nusu yao walikuwa chini ya 30. Umri ambao presha na maradhi ya figo hujitokeza kwa wingi walikuwa bado hawajaufikia.

Figo ndizo zinazoeleza sababu vizuri zaidi. Vichujio vyake vidogo huendelea kuumbwa hadi karibu na wiki ya 36 ya mimba, na mtu mzima hawezi kuotesha vipya. Aliyezaliwa wiki ya 29 mara nyingi huanza maisha na vichujio pungufu, vinavyolazimika kubeba kazi ya vingi, na baada ya miaka mzigo huo huweza kuonekana kama presha kwa kijana asiye mnene wala asiye na mzazi mwenye presha. Mapafu nayo mara nyingi hayafikii upeo ambao yangefikia. Hapa kwetu, ambako chakula hupikwa kwa kuni na mkaa, jikoni mara nyingi kukiwa na tundu moja la kutolea moshi, upungufu huo una uzito kuliko Uswidi.

Upande wa akili unahitaji uangalifu zaidi wa maneno. Tafiti za Ulaya zinaonyesha kwamba waliozaliwa mapema sana huelemewa zaidi na wasiwasi, hupata shida ya kutuliza mawazo, huwa wapole na wenye tahadhari, na wachache zaidi kati yao hupata wenza. Ila wanaopata, ndoa na mahusiano yao ni mazuri kama ya wengine. Mtoto wa namna hiyo shuleni kwetu huitwa mzembe na kuchapwa. Je, ni lipi linalomwekea alama mbaya zaidi: jina hilo, au mwalimu kujua alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi?

Nakubali hoja moja ya wapinzani bila kusitasita: takwimu za Uswidi si zetu. Mtu mwenye miaka 35 leo, aliyezungushiwa pamba na chupa za maji ya moto kijijini akapona, yaelekea alikuwa karibu na kutimiza miezi, maana wadogo zaidi hawakuishi. Lakini hali inabadilika. Malezi ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá mwaka 1978, sasa yanafanyika katika wodi zetu, mama akiwa amemfunga mtoto kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi. Wanaookolewa sasa ni wadogo kuliko waliookolewa zamani, nao watakuwa watu wazima miaka ya 2040.

Kinachoombwa si kliniki mpya wala orodha ya majina. Fomu ya kumruhusu mtoto iandikwe wiki za mimba na uzito wa kuzaliwa, na nakala yake itunzwe nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kwa waliokwisha kukua, mama bado anakumbuka, ingawa huhesabu kwa miezi. Kijana wa miaka 25 akifika kituo cha afya akiwa na presha ya 145 kwa 95 na kusema alizaliwa miezi saba, mhudumu aiandike taarifa hiyo, ampime mkojo kutafuta protini, na ampangie tarehe ya kurudi.