Fensi ya umeme bila ethi ya maana ni hela umetupa

Wafugaji wenzangu wa Kisongo na Arusha yote naomba tuongee kuhusu ethi, yaani zile nondo zinazochomekwa ardhini na kuungwa kwenye mashine ya fensi, maana watu tunaumia sana hapa. Mtu anatoa hela ndefu ananunua mashine ya kusukuma umeme kwenye waya, waya mzuri, nguzo zimenyooka, halafu ikifika kwenye ethi fundi anachomeka kinondo kimoja cha nusu mita basi, kazi imeisha.

Mimi yalinikuta. Masika fensi ilikuwa inapiga vizuri tu mbuzi hawasogei, ikafika Septemba udongo umekuwa vumbi tupu wakaanza kupenya katikati ya waya kama vile hakuna kitu, na kila ninayemuuliza ananiambia mashine yako ndogo hiyo nunua kubwa. Mashine haikuwa na shida! Umeme ukimpiga mnyama unashuka kwenye kwato, unapita ardhini, na lazima urudi kwenye mashine kupitia nondo ya ethi, sasa udongo ukikauka haupitishi, na nondo fupi inaishia kwenye vumbi la juu, ndo maana mbuzi anasikia kama katekenywa tu.

Kupima ni rahisi. Zima mashine, nenda mita 100 hivi, egemeza vyuma kwenye waya viguse ardhi, washa, fensi ishuke chini ya volti 2000, kisha pima nondo ya ethi kwa kipimo cha volti cha fensi, ule waya wake mwingine uchomeke ardhini mita moja pembeni. Ikizidi volti 300 ethi haitoshi. Yangu ilisoma 900 na kitu, nikachoka.

Nikapiga nondo tatu za mita mbili mbili zilizopakwa zinki, mita tatu kutoka moja hadi nyingine, zote kwenye waya mmoja, klampu zimebana kweli. Kijana wangu aligonga nyundo mpaka jioni, chini kumekaza kama zege. Na jamani msiunge kwenye ethi ya nyumba wala bomba la maji, mnahatarisha familia, kaeni mbali angalau mita 10.

Pakavu zaidi pitisha na waya wa ethi kwenye fensi yenyewe, mbuzi akigusa waya wa moto (wenye umeme) na wa ethi kwa pamoja anapigwa hata ardhi iwe kavu vipi.

Kwangu mimi fundi ambaye hajapima ethi hajamaliza kazi, hela ya mwisho asipewe. Na kama alikufungia masika, mkubaliane kabisa arudi kupima tena mwezi wa tisa.