Fundi, muulize mtu kwanza kama ana picha zake humo

Jumamosi nilikuwa Mwanga hapa Kigoma, nimefuata chaja kwa fundi, nikamkuta mama mtu mzima kakaa benchi ameikumbatia laptopu kama mtoto. Ameshaambiwa windo (Windows, mfumo unaoendesha kompyuta) imekufa, inapigwa upya, yaani inawekwa nyingine, asubiri. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza, mama humu ndani kuna vitu vyako? Akasema kuna picha za marehemu mume wake, na hana kwingine zilipo.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Jamani iliniuma sana, maana wote tunajua windo zinavyopigwa huku kwetu, diski inafutwa yote halafu unarudishiwa mashine nyeupe, ukiuliza picha unaambiwa ndo hivyo. Kompyuta isiyowaka haimaanishi diski imekufa! Mara nyingi kilichoharibika ni windo tu, mafaili yamekaa palepale yanasubiri mtu wa kuyatoa.

Kwenye begi nilikuwa na flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya windo. Nikamwomba fundi dakika kumi, nikachomeka, nikawasha huku nagonga kitufe cha F12 (HP nyingi ni Esc au F9), ikaja orodha ya kuchagua mashine iwakie wapi, nikachagua flashi, tukasubiri, deskitopu hiyo. Mfumo mzima unatembea kwenye flashi na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), diski ya ndani haiguswi mpaka wewe mwenyewe uifungue. Tukaifungua, tukaingia foda lenye jina lake, na picha ya kwanza kutokea ni mzee kasimama ufukweni Kibirizi na shati jeupe. Mama akashika mdomo, hakusema kitu. Nikazinakili zote kwenye flashi nyingine ndo nikamwambia fundi haya, sasa piga windo yako.

Ndo maana nawaambia wanaoanza, msiichukulie Linux ya kwenye flashi kama mchezo wa wataalamu. Unashusha faili la ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, la Mint linakaribia GB 3 hivyo tafuta bando la usiku, unaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, ambayo itafuta kila kilichomo kwenye hiyo flashi kwa hiyo toa vitu vyako kwanza. Ikishawaka utaona kitufe cha kuinstoo, kiache. Zunguka tu, jaribu waifai, sauti, kibodi, ukichoka zima, chomoa, mashine yako inarudi ilivyokuwa.

Ni nzito kidogo, nakubali, hasa kwenye tundu la USB la zamani, na ukizima ulichoandika kinapotea kama hukukihifadhi pengine. Diski iliyofungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha mafaili, nayo haifunguki bila ufunguo wake. Sawa. Bado ni bora mara mia kuliko kufuta kabla ya kutazama.

Na wateja wa namna hii wataongezeka, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na hizi mashine zetu za mtumba nyingi Windows 11 inazikataa, watu wataambiwa tupa nunua nyingine wakati Mint inawaka vizuri tu kwenye RAM ya GB 4.

Wakati naondoka fundi akanifuata mpaka barabarani, akaniomba hiyo flashi. Nimemwachia.