Waya wa shaba wenye sura mbili

Wavuta waya wana hoja nzito ya kukataa wanapoambiwa wapime mpangilio wa fuwele, yaani fuwele ndogondogo za shaba zimeelekea wapi ndani ya waya. Fuwele ya shaba ni mchemraba, na katika fuwele ya namna hiyo umeme hupita kwa wepisi uleule kila upande. Basi ukishapima kipenyo, ukinzani na nguvu ya kukatika, waya wa nyumba umekamilika. Mashine ya eksirei ya kupima mpangilio huo ni gharama ya bure. Kwa waya wa taa na soketi nakubaliana nao kabisa.

Ila shaba hiyohiyo huvutwa pia kuwa nyuzi za mikromita 25 za kuunganisha chipu za kompyuta, na huko uzi hukunjwa upinde ambao lazima ubaki ulivyokunjwa. Hapo ukakamavu wa waya ndio wenye neno, na ukakamavu hutegemea fuwele zimeelekea wapi.

Fimbo ya shaba inapovutwa kupita dai (kifaa kigumu chenye tundu linalobana waya) moja baada ya nyingine, kila chembe, yaani fuwele moja ndogo ndani ya waya, hurefuka kwa matabaka yake ya atomi kuteleza kama karata. Chembe imebanwa na jirani zake, haina uhuru wa kuteleza itakavyo. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alionyesha mwaka 1938 kwamba inahitaji mifumo mitano ya utelezi, yaani njia tano za matabaka kuteleza, kwa pamoja. Katika kuteleza huko chembe hugeuka, na mwishowe makundi mawili hutawala: yale ambayo ulalo wa mchemraba, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala kupitia katikati, umelala sambamba na waya, na yale ambayo ni ukingo wake uliolala hivyo. Alumini huegemea sana kundi la ulalo. Fedha ina sehemu kubwa zaidi ya ukingo. Shaba iko kati.

Sasa tazama namba. Ukivuta fuwele ya shaba kwa uelekeo wa ulalo, ukakamavu wake ni gigapaskali (kizio cha ukakamavu) 191 hivi. Kwa uelekeo wa ukingo, 67. Metali ni ileile, tofauti inakaribia mara 3! Chukua waya ambao makundi haya yamegawana nusu kwa nusu. Chembe zake ni ndefu na zinarefuka pamoja, kwa hiyo wastani ni kama 129, karibu sawa na waya ambao fuwele zake hazina mpangilio wowote. Mpimaji ataandika “kawaida” na kuupitisha. Ndani yake, waya ungali ukinyumbuka tu, yaani ukiachiwa unarudi ulivyokuwa, chembe za ulalo zinabeba mkazo karibu mara 3 ya jirani zao. Kipimo cha kuvuta hakiwezi kuliona hilo, kwa kuwa kinatoa jibu moja kwa waya mzima.

Tena msuguano wa dai huikwaruza ngozi ya waya kuliko kiini chake, hivyo mpangilio wa nje huvurugika na wa ndani hubaki imara. Ukiulainisha waya kwa joto, mara nyingi kundi la ukingo huongezeka. Pembe ya dai na joto la tanuri viko mikononi mwa fundi, kwa hiyo sikubali kwamba mpangilio ni mambo ya metali yenyewe.

Kupima kila koili ni kupoteza fedha. Ila kiwanda cha nyuzi za chipu kinapobadilisha pembe ya dai au joto la tanuri, sampuli moja ipelekwe kwenye eksirei, ikatwe ipimwe ngozi na kiini, kabla oda haijatoka.